Kucustomaizi taa za mbele za gari ukiwa nyumbani: mwongozo kamili kuanzia kufungua mpaka kupanga mwanga

Mtu akisema anataka kubadilisha taa za mbele anaweza kuwa anamaanisha vitu viwili tofauti kabisa. Kuna anayetaka muonekano, yaani ndani pawe peusi, kuwe na taa ya mchana ya duara, kioo kisiwe cha njano. Na kuna anayetaka kuona barabara usiku. Shida inaanza pale mtu anapotaka la kwanza akaliharibu la pili, gari linapendeza likiwa limepaki lakini usiku haoni shimo na anayekuja mbele yake anapofuka macho. Kwahiyo kabla ya yote shika hili: ndani ya taa kuna vitu vya urembo na kuna vitu vya mwanga, vya urembo fanya unavyotaka, vya mwanga usiviguse kama hujui kwanini viko vile vilivyo.

JUA KWANZA UNA TAA YA AINA GANI

Chungulia kupitia kioo. Ukiona bakuli kubwa linang'aa na balbu iko katikati, hiyo ni ya reflekta. Ukiona jicho la kioo la mviringo kama la kamera, hiyo ni projekta. Tofauti ni kubwa maana reflekta imechongwa kwa hesabu, kila kipande cha lile bakuli kinapeleka mwanga sehemu yake barabarani, na hesabu yote imeanzia pale ambapo uzi wa balbu (ule waya mdogo unaowaka ndani) unakaa. Uzi ukisogea hata milimita moja mwanga unaenda kusikotakiwa.

Ndio maana kuchomeka balbu ya LED kwenye reflekta iliyotengenezwa kwa ajili ya halojeni (balbu ya kawaida yenye uzi) mara nyingi ni kazi ya hovyo, hata kama boksi limeandika namba kubwa za lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga). Vile vichipu vya LED vimekaa upande huu na upande ule, havina umbo la uzi, kwahiyo mwanga unatawanyika. Ukikaa kwenye usukani unaona mbele karibu pamewaka vizuri sana unasema hii kitu kali, lakini mbali ambako ndiko unakohitaji kuona hakuna kitu, na mwenzako anayekuja anakupigia fulu mfululizo. Zenoni (balbu za gesi zisizo na uzi) za kuchomeka kwenye reflekta ya halojeni ndio mbaya zaidi.

Na hizi Kelvini msidanganyike nazo. Ni rangi ya mwanga, sio nguvu. Halojeni ya kawaida iko kwenye 3200 hivi, zenoni za kiwandani ni 4300, ukienda 6000 ni nyeupe inayokaribia ubluu, ukienda 8000 ni bluu kabisa na mwanga unaotumika unapungua, mvua ikinyesha ndo utajuta.

Kitu cha pili cha kujua kabla hujatoa taa ni gundi. Kioo na bodi ya nyuma vimeshikanishwa na gundi inayozunguka ukingo wote. Chukua sindano au kichokonoo chembamba uchokonoe kidogo pale vinapokutana. Ikiwa ni nyeusi, laini, inavutika kama bigijii, hiyo ni butili na una bahati, ikipata joto inaachia. Ikiwa ni ngumu, ya kijivu au nyeupe, inakatika vipande, hiyo haiyeyuki kwa joto, inabidi kukatwa polepole kwa masaa na uwezekano wa kupasua kioo ni mkubwa. Kwa taa ya hivyo ushauri wangu usiifungue, polishi kioo kwa nje, badilisha balbu kwa nzuri ya wati zile zile, basi. Kuna gari za zamani kioo chake ni kioo kweli sio plastiki, hizo nazo ziende taratibu sana maana zikipasuka zimepasuka.

VIFAA

Soketi na spana (namba 10 ndio utakayoitumia muda wote), bisibisi ya nyota na bapa, kifaa cha plastiki cha kuchokonolea klipu, hitagani (bunduki ya hewa ya moto) au oveni, glavu za kitambaa nene za moto na zingine safi za mpira, msasa wa maji wa namba kadhaa, spiriti safi ya kusafishia (isopropili), rangi ya kupuliza, butili mpya ya kamba, maskini tepu (tepu ya karatasi ya wapaka rangi), mita ya kupimia volti. Na kamera ya simu, hii usiidharau, piga picha kila unachofungua kabla hujakifungua.

KUTOA TAA

Zima gari, toa nega ya betri. Kama gari lina zenoni za kiwandani subiri dakika kadhaa na usichezee balasti (kiboksi kinachozipa taa hizo umeme), ile inawasha balbu kwa mpigo wa zaidi ya volti 20,000, sio kitu cha kushika ukiwa unaongea na simu.

Gari nyingi za kisasa huwezi kutoa taa bila kutoa bampa, au angalau kulilegeza upande mmoja. Bandika maskini tepu kwenye kona za fenda na boneti kabla hujaanza, mikwaruzo mingi inatokea hapa. Toa klipu za juu, skrubu za ndani ya madigadi, vuta bampa kwa pembeni kwanza halafu mbele, na kabla hujalivuta lote ingiza mkono nyuma uchomoe plagi za taa za ukungu na sensa. Bolti za taa zenyewe huwa tatu au nne, ila kuna moja hujificha, ukiona taa inacheza lakini haitoki usivute kwa nguvu, itafute. Vile vipembe vya plastiki vinavyoshikilia taa vikivunjika taa itakuwa inatikisika maisha yake yote.

Ukishaitoa chomoa balbu zote, mifuniko ya mpira ya nyuma, mota ya kupandisha na kushusha taa kama inatoka, na skrubu ndogo zinazoshika kioo. Hizi skrubu watu wanazisahau halafu wanashangaa gundi imelainika ila kioo hakitoki.

KUFUNGUA KWA JOTO

Njia mbili. Oveni inalainisha gundi sawasawa pande zote, hitagani inachosha lakini unaona unachofanya.

Kwa oveni, washa mpaka ifike nyuzi 110 hivi za Selsiasi, weka ubao wa mbao juu ya wavu ili plastiki isiguse chuma cha moto, halafu weka taa, dakika 7 mpaka 10, ukiwa umesimama hapo hapo. Usiende kuoga. Kama oveni yako ina koili inayowaka juu zima kabisa ukishaingiza taa, joto lililobaki linatosha, maana koili ikiwaka karibu na kioo kinapinda. Pima kwanza kama taa inaingia, taa za siku hizi zimekuwa ndefu zinapanda mpaka kwenye fenda. Na fungua madirisha, harufu ya plastiki na gundi ipo.

Kwa hitagani zungusha kwenye ukingo bila kusimama sehemu moja, ukisimama plastiki inatoa mapovu.

Ikishapata joto vaa glavu, anzia kwenye kona ambayo haitaonekana gari likifungwa, ingiza bisibisi bapa iliyofungwa tepu kwenye ncha, inua klipu moja moja huku unavuta kioo kidogo kidogo. Ikianza kuachia utaona nyuzi nyeusi zinavutika kati ya kioo na bodi, hapo zungusha ili zikatike upande wa nje, usiruhusu zidondokee ndani kwenye reflekta. Gundi ikipoa katikati ya kazi rudisha kwenye joto dakika chache, usishindane nayo. Kioo kinapasuka kwa sababu ya haraka tu.

RANGI YA NDANI

Hapa ndio raha yenyewe. Lile kava la kromu linalozunguka reflekta hutoka kwa skrubu chache au klipu. Lichomoe peke yake upeleke pembeni. Reflekta iache ilipo uifunike na kitambaa safi, na sitaki kusikia mtu amepaka reflekta nyeusi ili ipendeze, ukipaka hiyo umeizima taa.

Tena hata kuigusa usiiguse. Ile rangi ya fedha ni tabaka jembamba mno la alumini, ukipitisha kidole kinabaki milele, ukifuta na spiriti linabanduka unabaki unaangalia plastiki tupu. Vumbi likiingia puliza na hewa ya pampu, ukishindwa tumia brashi laini kavu, mwisho hapo.

Kava likwaruze na msasa namba 600 mpaka 800 mpaka mng'ao wote uishe, kromu haishiki rangi ukiiacha inang'aa. Osha, kausha, futa na spiriti, usishike tena kwa mikono mitupu. Puliza praima ya plastiki, halafu rangi matabaka matatu membamba badala ya moja zito. Nyeusi ya mati ndio inasamehe makosa, ya kung'aa inaonyesha kila unyoya. Nilichoona kinapendeza zaidi ni kuacha kipande kimoja cha kromu, kwa mfano ile pete ya kuzunguka projekta, ukifanya kila kitu cheusi taa inakuwa kama shimo.

Kuna kosa moja limeharibu taa nyingi: kufunga kabla rangi haijakauka kwelikweli. Ukigusa unaona imekauka, lakini ndani bado inatoa mvuke, ukifunga ule mvuke ukipata joto la balbu unaenda kuganda kwenye kioo kwa ndani, unapata ukungu mweupe ambao hauondoki mpaka ufungue tena. Iache siku kadhaa sehemu yenye joto, kipimo ni pua, kama bado inanukia rangi bado.

PROJEKTA

Kama unataka mwanga kweli na gari lako ni la reflekta, hii ndio njia sahihi: unaweka projekta ndani ya taa ile ile. Zipo za inchi 2.5 na inchi 3, za zenoni na za LED, na nyingi zinatoa dimu na fulu kwa pamoja, ndani kuna kibati kinachoshushwa na sumaku ya umeme ukiwasha fulu. Zenoni kwenye gari zilianza kuuzwa na BMW ya 7 Series mwaka 1991, leo kwa kuanzia mimi ningechukua ya LED maana haina balasti wala kusubiri kuwaka. Pima kina cha taa kwanza, projekta ya inchi 3 inaweza kugonga kioo kwa mbele au mfuniko usifunge kwa nyuma.

Kwa taa za H4 (balbu moja yenye dimu na fulu pamoja) projekta nyingi zina mkia wenye nati, unaupitisha kwenye tundu la balbu, unaweka washa (kile kipete bapa) na nati kwa nyuma, hukati kitu. Kwa H7 na H11 (balbu za uzi mmoja) tundu ni dogo zaidi, mara nyingi utahitaji bamba la kushikilia au kupanua tundu.

Kabla hujanunua angalia jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mstari wa mwanga wa dimu hauko sawa pande zote, upande wa ukingo wa barabara unapanda ili uone waenda kwa miguu na vibao, upande wa wanaokuja unabaki chini. Sasa projekta iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara ukiitumia nchi ya kuendesha upande wa kushoto ule mpando unaangukia usoni kwa anayekuja, hata uipange vipi. Hakikisha ni ya upande wenu.

Kufunga projekta sio kukaza nati tu, lazima isimame wima bila kulalia upande. Rudisha taa kwenye gari bila kioo, gari likiwa sehemu tambarare mbele ya ukuta, washa, zungusha projekta mpaka mstari ulale sawa kabisa, ndipo ukaze. Fanya taa zote mbili na ulinganishe. Skrubu za kupanga taa zinasogeza juu, chini na pembeni, hazizungushi, kwahiyo ikikaa imelala na ukafunga kioo umefunga na ubovu.

TAA ZA DUARA NA ZA MCHANA

Zile duara zilivuma sana baada ya BMW E39 iliyoboreshwa ya mwaka 2000, tangu hapo kila mtu anazitaka. Utapata za vichipu vilivyopangwa, zina mwanga wa kudonadona, na za COB (vichipu vingi vimebanana chini ya tabaka moja) ambazo mwanga wake umetandazwa sawasawa, chukua hizi. Zishikilie kwa gundi ya epoksi au silikoni ile isiyonuka siki. Silikoni yenye harufu ya siki inatoa asidi ikikauka na inachafua reflekta, isiingie kabisa ndani ya taa.

Dreva zake (vidude vinavyozipa umeme) zikae nje ya taa, zile zinakufa kabla ya duara lenyewe na hutaki kuchoma taa tena kwenye oveni kwa sababu ya kidude kidogo. Umeme wake chukua kwenye fyuzi inayopata umeme ukiwa umefungulia swichi tu, usichukue moja kwa moja betri, utaamka asubuhi gari haliwaki. Rangi ni nyeupe au njano, nyekundu na bluu mbele ni za magari ya dharura karibu kila nchi, na kanuni za ukaguzi za kwenu zisome kabla hujanunua hata waya.

Ukibadilisha indiketa kuwa LED itapiga haraka haraka maana gari linadhani balbu imeungua. Dawa yake ni flasha ya LED (kidude kinachofanya indiketa iwake na kuzima), au rezista ya ohmu 6 wati 50, lakini hiyo inapitisha ampea 2 hivi na inapata moto wa kuyeyusha plastiki, ifunge kwenye chuma cha bodi, mbali na waya.

RELEI

Ukibaki na halojeni kuna ongezeko la mwanga ambalo watu hawalijui. Kwenye gari la zamani umeme wa taa unapita kwenye swichi na waya mwembamba, ukifika kwenye balbu umepungua. Pima na mita kwenye plagi ya balbu taa zikiwa zinawaka na injini inaunguruma, halafu pima betri. Tofauti ikizidi nusu volti weka relei, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye taa.

Balbu mbili za wati 55 ni wati 110, yaani ampea 9 hivi, kwahiyo fyuzi ya 15 na waya wa milimita mraba 2.5 unatosha. Waya wa chanya utoke betri, fyuzi iwe karibu na betri sio kule mwisho, uingie pini 30 ya relei. Pini 87 iende kwenye balbu. Pini 86 ipate umeme wa plagi ya zamani, 85 iende ethi (nega ya bodi). Fulu iwe na relei yake. Tahadhari kwa wenye gari za Kijapani za miaka ya nyuma zenye H4: nyingi zinakatia upande wa nega, yaani chanya ipo muda wote na swichi inafungua ethi. Pima kwanza, kama ni hivyo ethi ya 85 itatoka kwenye ile waya ya swichi, na 86 inapata chanya.

Balbu mpya usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanafanya sehemu moja iwe ya moto zaidi na inapasuka mapema. Na usiweke ya wati 100 kwenye taa ya wati 55, soketi itaungua.

KIOO CHA NJANO

Dawa ya meno inasaidia wiki chache tu, ile njano ni tabaka la kuzuia jua lililokufa, lazima litoke lote. Msasa wa maji namba 800 kama linabanduka, halafu 1000, 1500, 2000, 3000, kila namba badilisha mwelekeo ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha. Halafu polishi. Halafu, na hapa ndio wengi wanaachia njiani, puliza klia (vanishi angavu) ya kuzuia miale ya jua. Bila hiyo miezi michache umerudi pale pale. Ile klia ya vifungu viwili (ya kuchanganya na kigumishi) ndio inadumu lakini mvuke wake ni sumu, vaa barakoa ya kupulizia rangi, sio ya kitambaa.

Kupaka kioo moshi moshi sishauri. Umehangaika kote huku kuongeza mwanga halafu unaukata mlangoni.

KUFUNGA

Toa butili ya zamani yote kwenye mfereji ukiwa wa moto, futa ndani ya kioo na kitambaa laini, puliza vumbi, angalia kwa tochi kama kuna unyoya, maana ukishafunga ndio utauona. Zungusha kamba mpya ya butili bila kuacha pengo, kwenye maungio ipishane kidogo. Rudisha bodi kwenye joto dakika chache, kandamiza kioo, rudisha skrubu, bana na klampu mpaka ipoe. Yale matundu ya kupumulia nyuma usiyazibe kwa gundi, mtu anadhani anazuia maji kumbe anafungia unyevu ndani.

KUPANGA MWANGA

Upepo wa matairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva, kirekebisha taa cha dashibodi kiwe 0. Gari liwe mita 10 kutoka ukutani, sehemu tambarare. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka tepu ukutani kwa kimo hicho hicho. Mstari wa dimu uwe chini ya tepu kwa sentimita 10, hiyo ndio asilimia 1, na gari nyingi zina kibandiko karibu na taa kinachosema asilimia yake, fuata hicho. Huna mita 10, tumia mita 5 na sentimita 5. Funika taa moja wakati unapanga nyingine.

Endesha siku mbili tatu halafu rudi ukutani upime tena, projekta na skrubu mpya husogea kidogo zikishatikisika. Ukiosha gari angalia ndani ya kioo. Ukungu mwembamba unaopotea taa zikiwaka ni kawaida, matone yanayotiririka ni pengo kwenye butili, na mara nyingi liko kwenye kona ya chini.